Sahani ya Tano

Choroko kavu haina vitamini C.
Au inayo chembe tu, ya kunidhihaki:
tone la kwanza la rangi likianguka kwenye chupa
linabaki waridi, halina wa kulizima.

Kisha unailoweka usiku kucha,
unaifunika kitambaa kama mtoto mwenye homa,
na asubuhi ya pili uchachu umezaliwa
mahali ambapo hakuna aliyeuweka.
Miaka kumi na tisa naupima uchachu huo
hapa Mymensingh, karibu na Brahmaputra kuukuu,
na bado sijauzoea.

Leo sahani ni tano.
Ya kwanza haikupigwa mionzi.
Nne zilikwenda chumba cha kobalti,
kwenye mlango mnene kuliko kitanda changu,
zikarudi bila moto, bila alama, bila harufu,
kijani kilekile, zinateleza mkononi vilevile.
Ukiniuliza zipi zimepigwa
nitakuonyesha maandishi ya kalamu tu.

Ya pili imechangamka, imeipita hata ya kwanza.
Dokta Bhuiyan hapendi. Anataka mstari
unaoshuka kistaarabu, kama mgeni anayeshuka ngazi.
Ya tatu inashuka.
Ya nne, vimeng'enya vimelegea:
natia wanga, nasubiri, natia iodini,
na weusi unang'ang'ania kama deni.
Chakula kimejaa ghalani,
mwenye ufunguo hajiwezi.

Na ya tano, iliyokula dozi
ambayo hakuna mkulima atakayeisikia maishani,
imeota.

Nimeiweka chini ya hadubini mara tatu.
Hakuna seli hata moja iliyogawanyika.
Ni zilezile, zilizopangwa tangu mmea mama
ulipokuwa bado shambani na ganda halijakauka.
Zinavimba, zinanyooka, zinasukuma ganda,
mzizi unatoka mweupe kama wa wenzie.
Hata uchachu upo. Tone la kwanza limezimika,
la pili, la tatu.
La nne likakaa waridi.

Mama aliuza dengu zilizochipua
stesheni, upande wa treni za Jamalpur:
kitunguu, pilipili mbichi, ndimu,
kwenye kipande cha gazeti.
Juma tulilomzika Baba aliloweka dengu kama kawaida.
Jumatatu akauza. Jumanne akauza,
akarudisha chenji bila kukosea.
Wakasema, mwanamke wa Kigaro huyu, chuma.
Nikasema hivyo hivyo nami, nikiwa na miaka kumi na moja,
nikimshikia ndoo.

Alhamisi alikaa chini, katikati ya wateja,
kisu mkononi, ndimu imekatwa nusu,
na hakuna aliyemwinua mpaka mvua za mwaka uliofuata.

Sahani ya tano nayo husimama siku ya nne.
Haiozi. Haianguki. Inasimama tu,
urefu wa ukucha, majani mawili yamefumbata.
Dokta huita hiyo kufa.
Mimi sijui. Nimeona vitu vikifa, havifanani na hiki.

Saa nne usiku Kalipada, mlinzi, akamulika dirishani.
"Protima-di, hizo si sumu?"
Si sumu, nikamwambia. Mionzi imepita, haikulala humo.
Hakuniamini. Nikachukua moja ya sahani ya tano
nikaitafuna mbele yake, polepole,
mate yakajaa: ubichi, udongo,
kisha mbali, nyuma ya ulimi,
kitu kama ndimu.

Daftari lina safu moja ya kuota: ndiyo au hapana.
Nikaandika ndiyo.
Nafasi ya maoni ina upana wa vidole viwili.
Nikaichonga penseli
nikakaa nayo.